Garde malade: mzigo ulifikaje kwa mama?



Saa kumi na mbili ya asubuhi, ingia hospitali yoyote hapa Kivu: nyuma ya majengo kuna moshi wa makala. Akina mama wanapika uji, wanafua mashuka, wanapanga foleni kwenye robine na bidoni za manjano. Hao ndio garde malade. Usiku wanalala juu ya mkeka, chini ya kitanda cha mgonjwa. Muuguzi anatoa dawa. Kulisha, kuosha, kugeuza, kukimbia farmasi na kutafuta pesa ya fakitire ni juu yao. Vijana wanadhani imekuwa hivi siku zote.

Wazee wa Kamituga na Kalima wanakumbuka mengine. Kampuni za madini za wakati wa Wabelgiji zilijenga hospitali kwa wafanyakazi, bibi zao na watoto. Mfanyakazi alipata nyumba, posho na matibabu bila kulipa. Tusizisifu sana. Kampuni ilipiga hesabu: mchimbaji mgonjwa hachimbi. Tena mama mzazi wa mchimbaji, aliyebaki kijijini akilima mihogo, hakuandikwa katika kitabu cha kampuni. Akiugua, vijana walimbeba kwa kipoyi, wakipokezana mlimani, na binti yake akafuata nyuma na sufuria kichwani. Garde malade alikuwako hata wakati ule. Hakuandikwa tu.

Mwaka 1976 kampuni za huku ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na kampuni haikuinuka tena. Kule Katanga, miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa waache kazi. Aliyetoka kazini alitoka pia hospitalini, yeye na nyumba yake yote. Pesa ile iliisha, magonjwa hayakuisha.

Upande wa serikali, miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zone de santé 306. Mpango ulisifiwa hata nje ya inchi, na raia alitakiwa kuchangia kidogo. Kumbe serikali nayo ilizidi kupunguza fungu lake. Baada ya uporaji wa Septemba 1991, wafadhili walikata msaada. Toka hapo hospitali ikaishi kwa pesa ya mgonjwa, na muuguzi vilevile. Ndipo tukaanza kuona mgonjwa aliyepona akizuiliwa kwa deni, na dada yake akiendelea kumpikia pale pale, siku baada ya siku.

Vita vilileta mashirika ya kiutu. Tangu kipindupindu cha Goma cha 1994, matibabu ya bure yamekuja na kuondoka kufuatana na mradi. Januari 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada. Mwezi ule ule Goma ikaingia mikononi mwa AFC/M23, banki zikafungwa. Februari kambi za pembeni ya mji zikavunjwa, wenye wagonjwa na wasio nao wakaondoka.

Kilichobaki ni muso. Wanamemba wanajua: kisanduku cha kijani ni cha kukopa, chekundu ni cha shida, na pesa yake hairudishwi. Lakini chekundu kinajazwa na mauzo ya ndizi na makala, na mama aliye hospitalini hauzi kitu. Muso moja ya mtaa wetu iliona hiyo, ikaongeza sharti: pesa ikikosa, watu wapo. Mmoja analala na mgonjwa Jumatatu, mwingine Jumanne, ili mwenye mgonjwa arudi sokoni na kuona watoto.

Inafanya kazi, mimi nimeiona. Ila juma lililopita mmoja wao alirudi Masisi na familia yake, na zamu yake ya Alhamisi bado haina mtu.