Insafu ya Elimu Katika Milima ya Upare

Mtu apandaye kutoka tambarare ya Makanya, ilikopita reli ya Tanga na Moshi tangu zama za Wadachi, akaliacha nyuma joto na mashamba ya mkonge, hufika baada ya kona nyingi katika nchi ya baridi na ukungu, na huko ndiko iliko Chome, chini ya kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote vya Milima ya Upare, chenye mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Msitu ulio juu yake ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1951, na wataalamu wa ndege na miti wameuandikia mengi. Bali habari za watoto wa milima hii, nani kati yao alipewa kibao cha kuandikia na nani alinyimwa, hazijapata wasomaji wa kadiri hiyo, ingawa kwa rai yangu zina mafunzo mengi kwa nchi nzima.

Kabla ya shule za kigeni Wapare walikuwa na chuo chao, nacho ni mshitu, ambamo vijana wa kiume walitengwa msituni wakafundishwa adabu, sheria na siri za kabila. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyetoa mwaka 1969 kitabu kikubwa juu ya historia ya utawala wa watu wake, ameeleza jinsi wafalme wa Kisuya wa Ugweno walivyolifanya jando hilo kuwa nguzo ya dola yao. Lakini tusiisifu kale kupita haki yake. Huko Mbaga, upande wa pili wa milima, wageni huonyeshwa hata leo jabali la Malameni, na husimuliwa kwamba hapo walitolewa watoto waliodhaniwa kuleta nuksi katika ukoo, kama vile kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo hakunyimwa elimu tu, alinyimwa uhai. Na kila asemaye kwamba ubaguzi uliletwa na meli kutoka Ulaya yampasa aende Mbaga akaulize.

Mwaka 1903 Wasabato wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walifungua kituo chao Giti, katika Upare ya kusini, na baadaye Suji ikawa mji wa shule zao. Walutheri wa Leipzig nao walikuwa wamekwisha kuingia Shigatini, katika Upare ya kaskazini, kisha wakashika Mbaga, alikokaa Jakob Dannholz. Chome ikawa baina ya majirani hao wawili, ambao walihubiri Injili moja na kugombania mipaka kama wenye mashamba. Shule za mwanzo zilikuwa vibanda vya miti na udongo. Mwanafunzi alikaa juu ya gogo, kibao cha jiwe magotini, akakwaruza herufi za Chasu, lugha ya Wapare, kwa kalamu ya jiwe, na somo likiisha akazifuta kwa kiganja, kwani kibao kilikuwa kimoja na masomo yalikuwa mengi. Kusoma kwa Chasu, lugha ambayo Agano Jipya lake lilichapishwa mwaka 1922, kuliwafaa hasa wanawake, kwa kuwa Kiswahili siku zile kilikuwa lugha ya misafara, ya akida na ya soko, na mwanamke wa mlimani hakuwa na njia kubwa ya kukipata. Vita Vikuu vya Kwanza vilipowaondoa Wajerumani, walimu wa Kipare, ambao mpaka hapo waliitwa wasaidizi, ndio waliobaki na chaki mkononi.

Hata hivyo mlango ule ulikuwa na bawabu. Aliyekaa karibu na kituo alisoma, na aliyekaa mbali alichunga mbuzi. Aliyekubali kubatizwa alipendelewa, na mwana wa Mwislamu, na Waislamu walikuwa wengi hasa Usangi na Ugweno na katika miji ya tambarare, alitakiwa achague baina ya alifu za madrasa ya babaye na alfabeti ya padri. Serikali ya Kiingereza, kwa sheria yake ya elimu ya mwaka 1927, ilizipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti, na kwa hiyo penye misheni ndipo palipoongezewa, na pasipo misheni palibaki vilevile. Juu ya hayo kulikuwa na safu tatu za shule nchini, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, kila moja na majengo yake na fungu lake la fedha. Na Mwafrika mwenyewe aligawanywa tena, kwani shule ya Tabora ilikusudiwa kwanza wana wa machifu.

Mwaka 1945 ndipo wakubwa walipoona mavuno ya vibao vile. Kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, iliwateremsha maelfu ya wanaume kutoka milimani hadi Same, wakakaa huko wakidai iondolewe, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Hoja zao zilifika kwa wakubwa zimeandikwa, na kalamu zilizoziandika zilinolewa katika shule zile zile za vibanda.

Baada ya hapo Wapare walijenga. Kwao kazi ya jumuiya huitwa msaragambo: siku ikitangazwa kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea hutozwa. Kwa mikono hiyo ilichimbwa mifereji, zikajengwa ndiva, yaani mabwawa ya maji, na kwa mikono hiyo hiyo zikasimama shule: wanawake wakipandisha mchanga wa kijitoni katika karai vichwani, wanaume wakipasua mbao, na fedha ya kahawa ikinunua mabati. Mjane alibeba sawasawa na mke wa mwalimu, ila mjane mara nyingi hakuwa na karo ya kumwingiza mwanawe katika darasa alilolijenga, na sifa za msaragambo husimuliwa kwa kawaida bila ya sehemu hiyo.

Uhuru ulifuta safu za rangi. Tangu Januari 1962 shule zote zikawa chini ya mfumo mmoja. Sheria ya mwaka 1969 ikazitwaa shule za misheni ili dini isiwe tena bawabu, karo ya msingi ikaondolewa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache, na serikali ikazigawa kwa mikoa, ili Kilimanjaro, iliyotangulia kwa bahati ya misheni na kahawa, isizichukue peke yake. Hapo mtoto wa Chome, ambaye babu yake hakuwa na kahawa ya kuilinganisha na ya Machame kwa Wachaga, alihesabiwa katika kapu moja na mtoto wa Machame. Alifaulu, akabaki nyumbani, akasikia kwamba mwenziwe wa mkoa mwingine mwenye alama pungufu amechaguliwa. Uchungu huo ninaufahamu. Hata hivyo nasema mgawo ulikuwa haki, kwani kumtaka mtoto wa Kigoma au Lindi ashindane kwa alama tupu na mtoto aliyetanguliwa na miaka sabini ya shule ni kuita dhuluma kwa jina la mashindano. Kosa lake lilikuwa kuhesabu kwa mkoa na kutotazama ndani ya mkoa, mlimani na bondeni. Wapare na Wachaga hawakukaa wakalia: walirudi kwenye msaragambo, na sekondari za wananchi na za makanisa zikaota, hata kabla ya miaka ya themanini kwisha shule za namna hiyo zilizidi za serikali nchini. Waliopata nafasi humo ni wenye kulipa, na miongoni mwao wasichana wengi, jambo ambalo waliopanga mgawo hawakulitazamia.

Msichana lakini alikuwa na mlango wake wa kufungiwa. Akipata mimba alifukuzwa, na aliyempa mimba aghalabu aliendelea na shughuli zake. Amri hiyo ilirudiwa kwa ukali mwaka 2017, na haikuondoka mpaka tarehe 24 Novemba 2021, serikali iliporuhusu wazazi hao watoto warejee madarasani.

Aliyebaki nyuma kuliko wote ni mlemavu. Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kilutheri ina shule ya viziwi Mwanga, nayo yastahili sifa. Na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 yaitaka kila shule impokee mtoto huyo. Sheria hiyo haijalainisha mlima. Mtoto asiyeweza kutembea, akiwa amezaliwa katika mteremko ulio juu ya Chome, hufika shuleni akibebwa mgongoni, na anapokuwa mzito wa kubebwa masomo yake huishia hapo. Watu waliopandisha mchanga kwa karai hawashindwi kuchonga njia ya kiti cha magurudumu kutoka nyumba mbili tatu hadi mlango wa darasa. Na wenyeviti wa vijiji waitakao kazi hiyo wasingoje bajeti, waitangaze siku ya msaragambo.