Mlima Vuria, eriali yangu na historia ya chenga

Mwezi jana nilihamia chumba cha kupanga hapa Voi. Nikachomeka eriali ndogo ya ndani, nikawasha king'amuzi, nikaambiwa hakuna mawimbi. Nikamwomba mwenye ploti ruhusa ya kuweka eriali juu ya paa, akakataa katakata: hakuna kutoboa mabati yake! Basi kabla ya kulaumu TV, nikaanza kuchimba historia.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Mtambo wa kwanza ulikuwa kwenye nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yalifika maili 15 tu. Mwaka 1964 shirika likataifishwa, likawa Sauti ya Kenya (VoK). Mwaka 1970 Mombasa nayo ikapata kituo. Lakini Voi iko kilomita 140 hivi kutoka Mombasa. Je, mawimbi yangefikaje?

Hapa kuna hesabu ninayoipenda. Mawimbi ya TV husafiri karibu kwa mstari mnyoofu, na dunia ni mviringo. Chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita zinazofikiwa. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare hufika kilomita 41, basi. Sasa tazama Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita: mita 2,200 hivi, na Voi iko mita 600 hivi. Tofauti ni 1,600, kipeuo chake 40, mara 4.1 ni 164. Ndiyo maana minara ya utangazaji ilipandishwa kule juu.

Zamani za analojia, mawimbi yakiwa hafifu uliona chenga. Mmoja anageuza eriali nje, mwingine anapiga kelele ndani: "Hapo hapo! Aah, umepitisha!" Chenga zilikuwa mwalimu, zilikuambia unakaribia au unapotea. Mwaka 2015 Kenya ilizima analojia, na chenga zikaenda nayo. Dijitali ina picha safi au haina kitu kabisa, kwa hiyo aliye pembeni kidogo hajui kama amekosa kwa nyuzi tano au kwa mia.

Mwalimu mpya yumo ndani ya king'amuzi: kwenye menyu kuna kipimo cha nguvu na ubora wa mawimbi. Nilifunga eriali ya nje kwenye bomba refu, bomba nikalikaza kwa waya kwenye nondo za dirisha, likapita juu ya ukingo wa mabati. Nikaielekeza magharibi, kuliko Vuria, nikageuza polepole huku rafiki akisoma kipimo. Ubora ukapanda, picha ikaja!

Tumehamia dijitali, wadau, lakini mlima haukuhama. Na mabati ya mzee hayana tundu hata moja.