Mwanga na Sauti Katika Ibada za Kikristo

Ibada ni jambo la moyo, lakini moyo wa binadamu hufikiwa kwa njia ya macho na masikio. Ndiyo maana tangu kale Wakristo wametumia mwanga, sauti na picha katika sala zao. Tukiichungua historia ya vyombo hivyo, tutaona kwamba ubora wa chombo hupimwa kwa jambo moja: je, kinawashirikisha waumini, au kinawafanya watazamaji?

Tuanze na mwanga. Kesha la Pasaka hufunguliwa gizani. Moto mpya huwashwa nje ya kanisa, mshumaa mkubwa hupata mwali kutoka kwenye moto huo, na waumini hupokezana mwali hadi kanisa zima ling'ae. Hata hivyo, kwa karne nyingi Wakatoliki waliifanya ibada hiyo Jumamosi asubuhi. Mshumaa ukashindana na jua, na maana yake ikafifia. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliruhusu irudishwe usiku. Hapo twajifunza kwamba mwanga hauna neno la kusema pasipo giza.

Sauti nayo ina historia yenye uchungu zaidi. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868, na wamisheni wa madhehebu mengine, walikuja na nyimbo za Ulaya. Wengi wao waliidhania ngoma kuwa chombo cha mizimu, wakaiacha nje ya mlango. Hasara haikuwa ya ngoma peke yake. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ya kigeni mara nyingi huutupa mkazo huo mahali pengine, hata neno likasikika kama limeteguka. Muumini akawa anaimba lugha yake kwa ulimi wa kuazima.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 1958, huko Kamina katika Kongo, Misa Luba iliimbwa kwa ngoma na sauti za Kiafrika. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alitoa kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iliyotaka muziki wa kila taifa upewe heshima yake katika ibada. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson, mwalimu wa Makumira, alikusanya tuni za makabila yetu katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Ngoma ikaingia, na watu wakaimba kwa sauti yao wenyewe.

Leo vimeingia vipaza sauti, taa za rangi na projekta. Hatuna sababu ya kuvikataa. Kipaza sauti humfikishia neno mzee aliyeketi nyuma, na maneno yaliyomulikwa ukutani humsaidia asiye na kitabu. Lakini waimbaji wachache wakivumishwa hata jirani asisikie sauti ya jirani yake, waumini hunyamaza. Wahenga walisema: ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Jana ngoma ilifungiwa nje kwa amri. Tuangalie leo sauti ya watu isifungiwe nje kwa kelele.