Jinsi ya kudai haki za mwanafunzi mwenye ulemavu katika shule ya upili

MWANAFUNZI mwenye ulemavu anayepata nafasi katika shule ya upili inayong'ang'aniwa huwa amevuka kizingiti kimoja tu. Cha pili, ambacho huwashinda wengi, ni kuhakikisha shule inamtimizia marekebisho anayohitaji ili asome sawa na wenzake.

Kaunti ya Kakamega ina shule kadhaa zenye sifa, zikiwemo Kakamega School, iliyoanzishwa mwaka wa 1932, na Butere Girls. Nafasi katika shule za aina hii huwaniwa na wanafunzi kutoka pembe zote za nchi, na alama nzuri zinaweza kugeuzwa hoja dhidi ya mwanafunzi: kwamba aliyefaulu hadi hapo hahitaji usaidizi. Hoja hiyo haina msingi. Alama hazimwondolei mtu uziwi, uoni hafifu wala ugumu wa kupanda ngazi.

Sheria inavyosema

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinapiga marufuku ubaguzi kwa msingi wa ulemavu. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa na jamii kadiri inavyomfaa, kutumia lugha ya ishara au maandishi ya Breli, na kupata vifaa vya kumsaidia.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo inahusu pia shule za upili, inakataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya ulemavu. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilizitaka shule kuzingatia mahitaji maalumu katika mitihani, ratiba za masomo na matumizi ya majengo. Nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya Mei 2025, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho.

Marekebisho hayo si alama za bure. Ni mambo kama kuhamishia darasa orofa ya chini, karatasi za maandishi makubwa, mkalimani wa lugha ya ishara au muda wa ziada.

Ripoti ya tathmini

Hatua ya kwanza ni kumpeleka mtoto katika kituo cha kutathmini mahitaji ya kielimu, maarufu kama EARC. Vituo hivi vya Wizara ya Elimu vilianza mwaka wa 1984.

Ripoti hiyo ni tofauti na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambayo hutolewa baada ya uchunguzi wa kimatibabu hospitalini. Kadi huthibitisha kwamba ulemavu upo. Ripoti hueleza kinachohitajika darasani. Mwenye kadi pekee ni rahisi kuambiwa asubiri.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo, mzazi amwandikie mwalimu mkuu barua inayotaja kila rekebisho, atakayelitekeleza na tarehe ya mwisho. Nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Uzito wa barua hiyo huonekana wakati wa mitihani ya kitaifa. Shule ndiyo humsajili mtahiniwa kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani (Knec). Isipoeleza mapema kwamba ana mahitaji maalumu, karatasi zilizorekebishwa na nusu saa ya ziada huenda zisimfikie.

Shule ikipuuza

Malalamiko yaanzie kwa Bodi ya Usimamizi ya shule. Sheria ya 2013 inataka bodi hiyo iwe na mwanachama anayewakilisha watu wenye mahitaji maalumu, na mzazi ana sababu ya kuuliza ni nani.

Kutoka hapo suala hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Tume ya Haki za Utawala, yaani afisi ya Ombudsman, hushughulikia ucheleweshaji katika taasisi za umma, nayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu hupokea malalamiko ya ubaguzi.

Njia ya mwisho ni Mahakama Kuu, ambayo ina kituo mjini Kakamega. Chini ya Kifungu cha 22, mzazi anaweza kushtaki kwa niaba ya mtoto, na hakuna ada ya kuanzisha kesi ya kutetea haki za kikatiba.

Hata hivyo, masomo kuanzia Gredi ya 10 huchukua miaka mitatu pekee, yaani mihula tisa. Muhula unaopotea kwa kusubiri majibu haurudi, hata mzazi akishinda kesi. Ndiyo maana ripoti na barua zinafaa kufika shuleni siku ile ile mtoto anapofika na sanduku lake.