Husuni Kubwa ya Kilwa

Wengi wetu huku Uvira tukisikia habari za boma la mawe, twafikiri maboma ya Wazungu, yaliyojengwa juzijuzi tu. Kumbe liko moja katika Afrika ya Mashariki lililokwisha kuwa gofu kabla Mreno wa kwanza hajaiona bahari ile.

Jina lake ni Husuni Kubwa, nalo lipo Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alilijenga mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali la pwani, nje kidogo ya mji. Vyumba vyake vyapita mia. Mle ndani mlikuwa na ua wa biashara uliozungukwa na ghala, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mali yote hiyo ilitoka hasa katika dhahabu ya Sofala, iliyopitia Kilwa.

Wako wasemao ati wageni ndio waliojenga. Mimi sikubali. Mawe yake ni matumbawe ya bahari ileile, na watu wa Kilwa walikuwa wakikaa pale tangu karne ya 9 hivi, kwanza katika nyumba za miti na udongo. Kweli, jumba lenyewe lafanana na majumba ya Waarabu. Lakini mtu akiona jambo kwa jirani akaliiga kwake, je, twasema jirani ndiye aliyejenga?

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa. Asimulia kwamba maskini mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wakimsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ndiyo sababu aliitwa Baba wa Vipawa.

Basi, watumwa wale walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe asema sultani alikuwa akishambulia nchi za bara na kuteka nyara. Sisi wa ziwa Tanganyika hatuhitaji kufafanuliwa. Katika karne ya 19 watu wa Rumaliza wa Ujiji walifika mpaka huku kwetu. Naistaajabia kazi ya mafundi wa Kilwa, lakini siwezi kuyatazama mawe yale bila kuwafikiri watu kumi na kumi wale, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Jumba halikumalizika kujengwa, wala halikukaliwa muda mrefu. Mwaka 1981 UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakaandikwa kuwa hatarini, maana mvua na mawimbi yalikuwa yakiyala, hata yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Mgeni hutoka Kilwa Masoko kwa mashua, akiisha kupata kibali. Huonyeshwa na lile birika la pembe nane. Siku hizi halina maji, ila ya mvua.