Vihisi na modeli za kompyuta zafichua umeme unaopotea majengoni

JENGO linaweza kusanifiwa kwa ustadi, likasifiwa siku ya kufunguliwa, kisha likatumia umeme mwingi kuliko wahandisi walivyokadiria. Kiyoyozi hunguruma katika ukumbi usio na mtu, taa huwaka mchana kutwa, na pampu iliyochakaa huendelea kuvuta nguvu bila yeyote kujua.

Hasara hiyo si ndogo. Kulingana na Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA), shughuli za majengo hutumia takriban asilimia 30 ya nishati inayowafikia watumiaji duniani, na huchangia takriban robo ya gesi chafu zinazotokana na sekta ya nishati.

Ili kuziba pengo kati ya jengo lililokusudiwa na jengo linalotumika, wataalamu wameanza kuunganisha teknolojia mbili ambazo kwa miaka mingi zilikuwa mbalimbali.

Mchoro wenye kumbukumbu

Ya kwanza ni modeli ya kidijitali ya jengo, maarufu kama BIM. Huu si mchoro wa mistari mitupu. Kila ukuta, dirisha, bomba na mtambo huingizwa katika kompyuta pamoja na vipimo vyake, malighafi yake na mahali pake.

Msingi wa mbinu hii uliwekwa miaka ya 1970 na msomi wa Marekani, Charles Eastman, aliyebuni mfumo wa kuhifadhi maelezo ya jengo ndani ya kompyuta. Uingereza iliifanya kuwa sharti kwa miradi ya serikali kuu kuanzia Aprili 2016.

Ya pili ni vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, unyevu, mwanga, hewa ya kaboni dioksidi au kuwepo kwa watu, kisha vikatuma vipimo hivyo kupitia mtandao.

Kila moja ina upungufu wake. Modeli hujua jengo lilivyokusudiwa kuwa, lakini haijui yanayotendeka humo leo. Kihisi nacho hujua kwamba joto limefika nyuzi 29, lakini hakijui dirisha la chumba hicho linaelekea wapi wala ni mtambo upi unaokipelekea hewa.

Zikiunganishwa, kila kihisi hupewa nambari inayolingana na chumba au mtambo fulani katika modeli. Msimamizi akifungua kompyuta huona jengo zima likiwa na vipimo vya wakati huo huo, na akaweza kulinganisha nishati iliyokadiriwa na ile inayotumika. Mfumo wa aina hii huitwa pacha wa kidijitali.

Ili programu za kampuni tofauti zielewane, muundo wa pamoja wa kubadilishana maelezo ya majengo, uitwao IFC, uliidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 16739, mwaka wa 2013.

Kugundua ufa mapema

Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti waliunda pacha wa jengo la Taasisi ya Uzalishaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020, walionyesha jinsi mfumo huo unavyoweza kutambua mwenendo usio wa kawaida wa pampu za mitambo ya joto na hewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa huonekana mapema.

Jijini Amsterdam, Uholanzi, jengo la ofisi liitwalo The Edge, lililokamilika mwaka wa 2014, liliwekwa vihisi takriban 28,000. Taa na hewa hurekebishwa kulingana na idadi ya watu waliomo, na sehemu isiyotumika haipotezi umeme bure.

Hata hivyo, vihisi haviwezi kuokoa jengo lililosanifiwa vibaya. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, Machi 2011, ni mfano mzuri. Zilijengwa kutumia mwanga wa jua na hewa ya kawaida kadiri iwezekanavyo, huku paneli za sola zikizalisha umeme juu ya paa. Usanifu wa busara hutangulia. Vipimo huhakikisha kwamba ahadi ya msanifu inatimizwa.

Aidha, vihisi vyenyewe hutumia umeme, hupoteza usahihi na huhitaji kukaguliwa. Modeli nayo huwa kama ramani ya zamani ikiwa ukuta utabomolewa au mtambo kubadilishwa bila mtu kuirekebisha.

Isitoshe, kifaa kinachojua kwamba chumba kina watu chaweza kutumiwa kuwachunguza wafanyakazi. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayekusanya habari za watu awaeleze sababu, na asikusanye zaidi ya zinazohitajika.

Kwa mwenye jengo asiyeweza kumudu vihisi vingi, hatua ya kwanza ni kuweka mita za umeme na maji kwa kila orofa au kila mtambo mkubwa, kuhifadhi michoro ya jengo lilivyojengwa hasa, na kulinganisha vipimo kila mwezi. Bila kumbukumbu hizo, bili hueleza kiasi kilichotumika lakini haielezi kilipotelea wapi.