Daftari Tupu na Funguo Zilizobaki: Historia Fupi ya Kusafisha Seva ya Uthibitishaji kwa Mazoezi, Ikitazamwa kutoka Kanama, Rubavu

Kanama, iliyokuwa komuni ya Gisenyi, leo ni umurenge, yaani sekta, wa Wilaya ya Rubavu kwenye barabara itokayo Musanze kuelekea mpaka wa Goma. Mkazi wake anayehitaji cheti cha serikali hukiomba kupitia Irembo, jukwaa la kidijitali lililoanza mwaka 2015, kwa kutaja namba ya kitambulisho yenye tarakimu 16. Ndani ya namba hiyo mna mwaka wa kuzaliwa na jinsia. Kabila halimo, na kutokuwemo huko kuna historia. Kadi zilizoanzishwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 zilibeba neno hilo. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo liliwapeleka watu kwenye kifo. Baada ya mauaji ya kimbari serikali mpya iliuondoa mstari huo, na baadaye utoaji wa kitambulisho uliwekewa Sheria Na. 14/2008.

Kwa hiyo suala la kulirejesha daftari la utambulisho katika hali safi si geni mahali hapa, wala si jepesi. Makala haya yanalifuatilia katika uwanja mdogo zaidi: maabara ya mafunzo ya mitandao, ambako seva ya uthibitishaji hufutwa ili mwanafunzi aanze upya. Hoja yake ni kwamba usafi wa seva umezoeleka kupimwa kwa kuitazama seva peke yake, ilhali uthibitishaji ni mapatano ya pande mbili, na upande wa pili haujasahau.

Itifaki iliyotawala kazi hii, RADIUS, ilitokana na haja ya Merit Network ya Marekani, ambayo mwaka 1991 ilitafuta njia moja ya kuwatambua watumiaji waliopiga simu kuingia mtandaoni kutoka vituo vingi. Kampuni ya Livingston Enterprises ndiyo iliyoiunda. Wazo lake ni la kikarani kabisa: badala ya kila mlango kuwa na orodha yake ya watu, pawe na daftari moja, na milango yote iulize huko. Mwaka 1999 ulianza mradi wa FreeRADIUS, programu huria isiyolipiwa, jambo lililoifaa sana Afrika. Kikundi cha waendeshaji mitandao wa Afrika, AfNOG, kilichofanya warsha yake ya kwanza Cape Town mwaka 2000, kiliiweka miongoni mwa programu zilizofundishwa katika mkondo wa huduma za intaneti. Warsha hizo zilifika Kigali mwaka 2010, Dar es Salaam mwaka 2011, Nairobi mwaka 2017 na Kampala mwaka 2019.

Mafunzo ya namna hiyo yanategemea ufutaji. Kundi la kwanza likishavuruga faili za usanidi, kundi la pili lahitaji mashine isiyo na makosa ya waliotangulia. Njia ya kawaida ni kuiondoa programu, kufuta saraka ya usanidi na kuisakinisha upya. Hapo ndipo neno "safi" linapoanza kupotosha. FreeRADIUS iliyosakinishwa upya si tupu: inakuja na siri ya pamoja ya majaribio, testing123, ambayo kila fundi duniani anaijua, na vyeti vya majaribio vilivyowekewa muda wa siku 60 na nywila "whatever", neno ambalo kwa Kiingereza ni sawa na kusema "lolote lile". Fundi aliyezoea kuiita hali hiyo safi ataihamishia kazini bila kushtuka.

Kerberos inaonyesha upande wa pili wa tatizo. Mfumo huo, uliopewa jina la mbwa mlinzi wa ngano za Kiyunani, ulizaliwa katika Mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983 katika chuo cha MIT. Amri moja, kdb5_util destroy, huiangamiza hifadhidata yake yote. Lakini kila huduma inayotegemea seva hiyo hutunza nakala ya ufunguo wake katika faili iitwayo keytab, kwenye kompyuta yake yenyewe. Hifadhidata mpya ikiundwa na majina yale yale yakisajiliwa, funguo huwa mpya. Keytab bado ina za zamani. Huduma hukataa, na mwanafunzi hushinda mchana kutwa akitafuta kosa katika usanidi wake mpya, ambao pengine hauna kosa lolote.

Kuenea kwa mashine pepe, hasa baada ya VMware kutoa bidhaa yake ya kwanza mwaka 1999, kulileta njia ya haraka zaidi: kuhifadhi taswira ya mashine nzima ikiwa safi, kisha kuirudia kila jioni. Maabara zilinufaika mno. Hata hivyo taswira hurudisha kila kitu, pamoja na akaunti ya mtu aliyekwisha kuondolewa na nywila iliyokwisha kubadilishwa. Katika Active Directory ya Microsoft athari ilikuwa mbaya zaidi: seva moja ikirudishwa nyuma, wenzake huamini kwamba wamekwisha kupokea mabadiliko yake, nayo madaftari yaweza kuachana kimyakimya. Windows Server 2012 ndiyo iliyoleta kitambulisho maalumu cha mashine pepe ili seva itambue kuwa imerudishwa.

Kwa Rubavu jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda inalinda data binafsi na faragha. Mkufunzi anayenakili orodha ya watu halisi ili zoezi lifanane na kazi ya kweli amezalisha daftari jingine, na kuifuta seva jioni hakufuti kumbukumbu za maingizo, chelezo wala taswira zilizobaki kwenye diski. Si lazima kufika huko. Faili ya watumiaji ya FreeRADIUS yenyewe huja na mfano uliozimwa kwa alama ya maelezo: mtumiaji aitwaye bob, nywila yake "hello". Bob hana mwaka wa kuzaliwa, hana tarakimu 16, na hakuna ofisi ya umurenge itakayomtafuta akifutwa.